Mganga, daktari au tabibu: uchague lipi, na kwa msomaji gani

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili. Mtu aliyemaliza shahada ya udaktari na kusajiliwa mwandike daktari. Utaeleweka Lamu, Dodoma, Bujumbura na Goma. Mtaalamu mwenye stashahada anayepokea wagonjwa katika zahanati ya Tanzania ni tabibu. Mganga liandike pale tu unapojua msomaji wako yuko nchi gani, kisha uliongezee neno la kulifafanua, kwa kuwa jina hilo moja linambeba mkuu wa hospitali ya wilaya, na linambeba pia mzee anayechemsha mizizi uani kwake.

Jibu hilo linatosha kwa tangazo la ukutani. Halimtoshi anayetafsiri fomu za hospitali, anayeandika habari za afya, wala mtoto wa mgonjwa anayejaribu kuelewa barua ya rufaa imesainiwa na nani. Neno likikosewa hapa, mgonjwa anaweza kupelekwa kwa mtu asiye wake, au akaficha dawa anayoitumia kwa sababu swali lilimtia aibu. Kwa hiyo nayaweka maneno haya matatu bega kwa bega, asili na matumizi, na nitasema wazi lipi naliona linafaa wapi.

Kila moja limetoka wapi

Mganga ndilo la kale zaidi, na ndilo letu kwa damu. Limetokana na kitenzi ganga, ambacho Waswahili walikitumia kwa jeraha na kwa chombo vilevile. Kuganga ni kutibu, na kuganga ni kuunga kilichovunjika. Kipande cha kuungia chombo huitwa gango. Anayesema "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo" anazipata maana zote mbili kwa pigo moja: ndwele ni ugonjwa, na ya kesho ndiyo yanayohitaji kuungwa. Na anayesema "mganga hajigangi" hamkebehi mganga hata kidogo. Anakiri kwamba hata fundi wa kuponya huhitaji mkono wa mwenzake.

Shina hilo halikuzaliwa pwani. Wataalamu wa Kibantu cha kale hulikuta kila upande: Kikongo kina nganga, Kishona n'anga, Kichewa sing'anga, Kinyarwanda umuganga, Kilingala monganga. Waliotekwa utumwani kutoka Kongo walilivusha hadi ng'ambo ya Atlantiki, na huko Cuba, katika dini ya Palo Monte, nganga ni jina la chungu kitakatifu. Katika ufalme wa Kongo wa karne ya 16 na ya 17 hata mapadre wa Kikatoliki waliitwa nganga, na mpaka leo msemaji wa Kilingala humwita padre nganga-Nzambe. Neno lililoweza kumbeba padre madhabahuni halikuzaliwa na doa.

Tabibu limetoka Kiarabuni, na halikuja peke yake: tiba, kutibu, matibabu na utabibu ni ndugu wa tumbo moja. Ni neno la kisomi. Linaambatana na vitabu, na elimu ya akina Ibn Sina, ambaye Kanuni yake ya tiba, iliyokamilika karibu mwaka 1025, ilisomeshwa kwa karne nyingi hata katika vyuo vya Ulaya. Dawa nalo ni la Kiarabu, ingawa mti bado umo ndani ya mitishamba na unaikumbusha zamani yetu. Huko kusini mwa Afrika, Wazulu wakisema umuthi wanataja mti na dawa kwa neno lilelile. Kiarabu kilitupa pia hakimu. Asili yake ni mwenye hekima, na nchini Ethiopia na Pakistan hakim ni jina la mtu wa tiba, ilhali sisi tulimpeleka mahakamani akabaki huko.

Wengi hulipenda tabibu kwa kudhani ni neno safi lisilo na harufu ya uchawi. Sivyo. Katika Kiarabu cha kale, tibb ilitaja pia sihiri, na matbubu alikuwa mtu aliyerogwa. Kwa hiyo hata neno la vitabuni lilipita njia ileile aliyopita mganga. Tofauti ni kwamba safari hiyo liliimaliza kabla ya kufika kwetu.

Daktari ndilo jipya. Tulilipata kwa Waingereza, nao kwa Kilatini, ambako docere ni kufundisha. Daktari wa kwanza alikuwa mwalimu: mtu aliyeruhusiwa kusomesha katika vyuo vikuu vya Ulaya, iwe teolojia, sheria au tiba. Wakatoliki wanaozungumza Kiswahili wameitunza maana hiyo vizuri mno, kwa kuwa watakatifu wanaopewa cheo hicho, kama Augustino, sisi huwaita Walimu wa Kanisa. Kuponya hakumo kabisa katika asili ya neno daktari. Kuliingia baadaye kupitia shahada.

Ukiyaweka pamoja, ni mganga peke yake ambaye jina lake lina tendo analolifanya. Nalisema hili kwa sababu kuna watu, na baadhi yao ni walimu wa lugha, wanaodhani mganga ni neno la ujinga linalopaswa kupisha. Kwa asili, ndilo lililo karibu na kitanda cha mgonjwa kuliko yote.

Heshima ilivyompotea mganga

Ichukue Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyotoka 1952 na kusomwa makanisani kwa vizazi. Luka ni "tabibu mpendwa". Mithali anayoitaja Yesu inasema "Tabibu, jiponye nafsi yako". Lakini ukifungua Danieli, watu wa mfalme wa Babeli wanaoshindwa na Danieli na wenzake ni "waganga na wachawi". Msomaji hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kitabu kilekile kilimweka tabibu upande wa mtume na mganga upande wa mchawi, na wahubiri wakaendelea kutoka hapo.

Serikali za kikoloni zilifanya sehemu yao. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, aligawa maji ya dawa yaliyowaunganisha watu wa makabila mengi kusini mwa Tanganyika. Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, na vita vya Maji Maji vikaendelea hadi 1907 bila yeye. Tangu hapo, mtawala alijua kwamba mganga anaweza kukusanya watu kuliko jumbe. Waingereza walipotunga sheria za uchawi, Kenya mwaka 1925 na Tanganyika mwaka 1928, woga huo ulipata vifungu. Sheria ya Kenya inamtaja kwa Kiingereza "witchdoctor", yaani daktari wa wachawi, na anayejitangaza hivyo kwa kutisha watu ana hatia. Neno hilo la Kiingereza ndilo lililozoeleka kumtafsiri mganga, na hapo mganga akafungwa kamba moja na mtu aliyekuwa adui yake.

Maana katika mila zetu mchawi na mganga wamesimama pande mbili zinazopingana. Mchawi huloga, mganga hutegua. Mtu anaweza kukataa kabisa kwamba uchawi upo, na bado akaona kwamba kuwaita wote wawili kwa jina moja ni kuwasingizia waliotibu homa za watoto kwa majani na kuunga mifupa kwa magome. Kiswahili cha zamani kilikuwa na majina mahususi kwa kazi hizi: mhazigi aliunga mifupa, mkunga alizalisha, mwenye kitabu aliandika kombe, yaani aya za kuoshwa na kunywewa, kwa zafarani, mpiga bao alitazamia. Yote haya yalipomwagwa ndani ya kapu moja la "waganga", mwenye ujuzi wa kweli alipoteza pa kujitofautishia na laghai.

Mipaka ya nchi, mipaka ya maana

Hapa ndipo uchaguzi unapobana, na ndipo ningemtaka mtafsiri akae muda mrefu.

Tanzania, mganga ana uso wa serikali. Mshauri mkuu wa serikali katika mambo ya tiba ni Mganga Mkuu wa Serikali. Mkoa una Mganga Mkuu wa Mkoa, wilaya ina wake, na kila hospitali, kituo cha afya na zahanati ina Mganga Mfawidhi, yaani msimamizi wa hapo. Hakuna Mtanzania anayesoma "Mganga Mkuu wa Mkoa atoa tahadhari ya kipindupindu" akafikiria hirizi. Mtanzania huyohuyo akisikia jirani "kaenda kwa mganga", hafikirii hospitali. Cheo kinapokuwa na "Mkuu" au "Mfawidhi", ni serikali. Neno likibaki peke yake, ni tiba ya asili au ramli. Watoto hujifunza tofauti hiyo bila kufundishwa, lakini mgeni wa lugha hawezi kuikisia.

Kenya haina mlango huo wa pili. Mganga kwa Mkenya wa kawaida ni wa kienyeji, mara nyingi yule wa tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme akijinadi kurudisha mpenzi na kushinda kesi. Mpe habari ya Tanzania yenye Mganga Mkuu bila maelezo, naye atashangaa serikali gani hii. Kwa msomaji wa Kenya andika "mkuu wa huduma za tiba" au "daktari mkuu wa mkoa". Cheo rasmi unaweza kukitaja mara moja kwa ajili ya usahihi, kisha uendelee na maneno anayoyajua.

Ukivuka Maziwa Makuu, mambo yanageuka. Rwanda na Burundi, muganga ni daktari wa hospitali, na ndivyo wagonjwa wanavyomwita ana kwa ana. Mpiga ramli wa Kinyarwanda ana jina lake, umupfumu, na mtu wa tiba za jadi ana lake pia. Mashariki mwa Kongo na Katanga, Kiswahili cha huko kina munganga, naye ni daktari aliyevaa koti jeupe. Bukavu ni mji wa hospitali ya Panzi, ambako Denis Mukwege, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, amewafanyia upasuaji maelfu ya wanawake walioumizwa vitani. Mwanamke wa Kivu akimtaja daktari kama yeye kuwa munganga anampa heshima kamili, na ukizingatia kuwa kuganga ni kuunga kilichovunjika, sijui neno gani lingestahili kazi hiyo kuliko hili.

Basi ramani yenyewe ni hii: pwani ya Kenya na bara lake, mganga ni wa jadi, Tanzania ni wote wawili kulingana na cheo, Rwanda, Burundi na Kongo ni daktari. Kusini zaidi, sing'anga wa Malawi na n'anga wa Zimbabwe wamerudi upande wa jadi. Daktari ndilo neno la pekee linalovuka ramani yote bila kubadilika maana, na hii ndiyo sababu yangu ya kulitanguliza. Silipi ushindi kwa sababu ni la kisasa.

Tabibu na daktari ndani ya hospitali moja

Kwa mgonjwa wa Tanzania, tofauti inayomgusa zaidi ni hii, na wengi hawajaelezwa.

Katika utumishi wa umma tabibu ni kada, yaani kundi la kitaaluma. Amesoma stashahada ya miaka mitatu, na ndiye anayepokea wagonjwa wengi zaidi vijijini: malaria, nimonia ya mtoto, vidonda, shinikizo la damu la kawaida. Chini yake yupo tabibu msaidizi. Daktari ana shahada ya miaka mitano na mwaka mmoja wa utarajali hospitalini kabla ya kupewa leseni kamili, na ndiyo maana utasikia "madaktari watarajali". Juu yake yuko daktari bingwa, aliyerudi chuoni akasomea upasuaji, watoto, wanawake au fani nyingine, na juu zaidi wanaitwa mabingwa bobezi. Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalowasajili madaktari, na sheria ya mwaka 2017 inawasimamia madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi.

Sasa chukua zahanati ya kijijini. Anayekupokea kwa kada yake ni tabibu. Kwa cheo chake ndiye Mganga Mfawidhi wa zahanati hiyo. Wanakijiji wanamsalimu "Shikamoo, dokta". Maneno yote matatu yamemkalia mtu mmoja, na hakuna aliyekosea, kwa sababu kila moja linajibu swali lake. Tabibu linajibu amesomea nini. Mganga Mfawidhi linajibu anasimamia nini. Dokta ni heshima ya mdomoni. Ukilishika hilo, nusu ya mkanganyiko wa maneno haya umekwisha.

Kwa hiyo anayeandika habari asinakili heshima ya mdomoni kana kwamba ni kada. Mwanakijiji akisema "dokta alinichoma sindano", mwandishi mwangalifu huuliza: alikuwa daktari, tabibu au muuguzi? Kwenye taarifa ya kifo cha mama mjamzito au ya operesheni, jibu hilo ni sehemu ya habari. Na kwa familia: tabibu akiandika rufaa kwenda hospitali ya wilaya, hakumtupa mgonjwa wala hakushindwa kazi. Ametambua kwamba ugonjwa umevuka mipaka aliyosomeshwa, na huo ndio utabibu mzuri.

Kenya ina kada inayofanana na hii, maafisa wa kliniki, wenye baraza lao na leseni zao. Magazeti ya Kiswahili ya huko huwaita matabibu, lakini mara nyingine neno hilohilo hutumika kama kisawe tu cha madaktari ili mwandishi asirudierudie. Ushauri wangu kwa wahariri wa Nairobi ni waache urembo huo. Madaktari na maafisa wa kliniki wana vyama tofauti, mishahara tofauti na migomo tofauti, na msomaji anayetaka kujua kama kesho atamkuta mtu kliniki anastahili kujua ni nani hasa aliyegoma.

Dkt. ya nani?

Hili ni dogo, ila linasumbua. Dkt. mbele ya jina haimaanishi kwamba mtu anatibu. Hayati Dkt. John Magufuli alikuwa mwanakemia, aliyepata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009. Dkt. Hussein Mwinyi, Rais wa Zanzibar tangu 2020, ni daktari wa binadamu. Palipo na hatari ya kuchanganya, Kiswahili kimeshatoa njia: daktari wa binadamu, daktari wa meno, daktari wa mifugo. Usione haya kuandika "wa binadamu". Ni fasaha, na watu husema hivyo.

Hatari kubwa zaidi iko mtaani, ambako wauza dawa za kienyeji wengi hujibandika "Dokta" na hata "Profesa" kwenye mabango yao. Mtu aliyekimbia neno mganga kwa kuogopa utapeli anaweza kuangukia utapeli uleule uliovaa daktari. Jina halimlindi mgonjwa; kinachomlinda ni usajili.

Unapolazimika kuandika mganga

Kuna nafasi ambazo mganga ndilo neno sahihi na kulikwepa kunapotosha. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala namba 23 ya mwaka 2002, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala husajili waganga na dawa zao. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina taasisi ya tiba asilia, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, kabla hata ya azimio la kimataifa la Alma-Ata la 1978 lililotambua kwamba watu wa tiba za jadi wana nafasi katika afya ya msingi. Mtu aliyesajiliwa chini ya mfumo huo mwandike "mganga wa tiba asili". Maneno hayo matatu ya ziada yanamtofautisha na mpiga ramli, na anayastahili.

Anayetabiri mchawi ni nani na kugombanisha ndugu ana jina lake pia: mpiga ramli chonganishi. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhtua nchi, serikali ya Tanzania mwezi Januari 2015 iliwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Vichwa vya habari vilivyofupisha kuwa "serikali yapiga marufuku waganga" viliwaingiza gerezani, kwa maneno, watu wenye vyeti vya baraza la serikali hiyohiyo.

Na kuna mfano wa watu kulikwepa neno kwa makusudi. Mwaka 2011 maelfu walifunga safari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mugariga kwa Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, kwa shilingi 500. Dawa ya mizizi, iliyochemshwa na mzee, kwa maono aliyosema ameyapata: kwa vigezo vya kawaida watu wangesema kuna mganga. Ila kwa taifa zima alikuwa Babu, na dawa ikawa Kikombe cha Babu. Wakristo waliosimama foleni wasingekubali kusemwa kwamba wamekwenda kwa mganga. Jina la undugu liliwafungulia njia ambayo jina la kazi lingeifunga. Mwandishi wa leo anayelitaja tukio hilo afuate jina lililotumika, Mchungaji au Babu, na aeleze dawa ilikuwa nini. Kumwita mganga sasa ni kumwandikia hukumu ambayo watu wa wakati wake hawakuitoa; kumwita tabibu ni kumpa elimu ambayo hakudai.

Wanaowashika mkono

Kwa wasaidizi wa tiba uchaguzi ni mwepesi. Muuguzi ndilo neno la maandishi, kutoka kuuguza, na ni zuri kwa sababu lilianza nyumbani: mama anamuuguza mwanawe kabla ya hospitali yoyote kuwapo. Nesi ni la mazungumzo na halina ubaya. Mkunga abaki mkunga, na asiyesomea hospitali aitwe mkunga wa jadi. Mfamasia ana shahada. Mteknolojia wa dawa ana stashahada. Muuza duka si mmojawapo hadi athibitike. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ni yule anayepita nyumba kwa nyumba, na usimfupishe kuwa "mhudumu" tu, maana hotelini nako kuna wahudumu.

Swali la fomu

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu linanigusa kuliko mengine. Familia nyingi za Kongo zinazozungumza Kiswahili zimehamishiwa Marekani na Kanada kama wakimbizi, na hospitalini huhudumiwa kupitia wakalimani, ambao baadhi ni Wakenya na Watanzania. Daktari huko huuliza kama mgonjwa amewahi kutumia tiba za jadi. Mkalimani wa Mombasa anatafsiri: "Umeshawahi kwenda kwa mganga?" Mama wa Uvira anasikia munganga, anaelewa daktari, anajibu ndiyo, mara nyingi. Kwenye faili inaandikwa kwamba anategemea waganga wa kienyeji. Geuza pande, mkalimani awe wa Lubumbashi na mgonjwa awe Mpare wa Tanzania: swali la kawaida kuhusu daktari wake wa zamani linamfikia kama tuhuma, naye anakana hata hospitali alizotibiwa.

Na jibu linahitajika kwa kweli. Mitishamba mingine hubadilisha jinsi ini linavyochakata dawa. Hata juisi ya balungi huongeza kiwango cha baadhi ya dawa za lehemu na za shinikizo la damu mwilini, seuze mizizi isiyojulikana nguvu yake. Mgonjwa wa kisukari, wa virusi vya UKIMWI au aliyetoka kwenye upasuaji anaweza kudhurika kwa siri aliyoitunza kwa sababu ya neno moja.

Kwa fomu kama hiyo, nashauri maneno yote matatu yawekwe pembeni na swali liulizwe juu ya kitu chenyewe: "Mbali na dawa ulizoandikiwa hospitalini, kuna dawa nyingine unayokunywa, kupaka, kujifukiza au kuvaa: ya miti, ya kisuna, ya maombi, au uliyopewa na ndugu au mzee?" Kisha: "Ulipougua kabla ya kuja hapa, ulitibiwa na nani, na wapi: hospitali, zahanati, au nyumbani kwa mtu?" Ni ndefu kuliko "umeenda kwa mganga", lakini Mpare, mtu wa Mombasa na mtu wa Uvira watalisikia swali moja, na kila mmoja anaweza kujibu bila kuinamisha uso.